Wanaofundisha infraredi chuoni: anzeni na unene wa utando, vilele vitafuata

Kilele698 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, ni kwa wanaosimamia maabara za shahada ya kwanza na hata wanafunzi wenyewe karibuni. Kuna kitu kinanikera kwa kweli kwenye namna tunavyofundisha infraredi (kutambua kitu kwa mwanga usioonekana ambao bondi zake zinaunyonya). Tunampa kijana jedwali la bondi, kabonili huku, O–H kule, C–H pale, halafu tunamwambia haya nenda kaweke sampuli ubonyeze, kompyuta inamletea jibu "polistairini", anaandika ripoti, anapata maksi zake safi. Sasa muulize mwanga wako umepita kwenye plastiki nene kiasi gani? Mbona kilele cha 698 cm⁻¹ (namba ya mawimbi, yaani mawimbi mangapi yanaingia kwenye sentimita moja) kiko bapa kule chini? Haya mawimbi madogo madogo kati ya 2700 na 2000 ambako polima yako haina bondi ya maana yametoka wapi? Hapo anakutolea macho, na wengine wanakwambia mashine mbovu.

Msimamo wangu ni kwamba ukifundisha infraredi kwa kutumia tando nyembamba za polima, UNENE ndio somo lenyewe. Ukianza na unene, kijana anaielewa sheria ya Beer (kwamba absobansi, yaani kipimo cha mwanga ulionyonywa, inakua sawia na unene) kwa mikono yake, anaelewa mwingiliano wa mwanga, anajua lini aiamini namba na lini asiiamini, na vilele vya kwenye jedwali vinakuja vyenyewe baadaye maana sasa ana sababu ya kuvitafuta. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kabisa mimi siwapi utando wa dukani, watatengeneza wa kwao.

Polistairini ndiyo rahisi. Unayeyusha gramu 5 kwenye toluini ipate mililita 100 za myeyusho, kazi yote kwenye kabati la kuvuta moshi tafadhali, toluini si ya kuchezea. Halafu kabla hawajamwaga chochote wanatakiwa WATABIRI unene. Msongamano wa polistairini ni kama gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo. Ukimwaga mililita 1 kwenye eneo la kioo la sentimita mraba 20, una gramu 0.05 ya plastiki, yaani ujazo wa karibu 0.048, gawanya kwa 20 unapata sentimita 0.0024, maana yake maikromita 24. Kijana anaandika hiyo namba kwenye daftari, anasaini, ndiyo anamwaga. Utando ukikauka unaubandua taratibu kwa maji na wembe, unaubana kwenye kadi yenye tundu, unaingia kwenye mashine. Hapo ndipo utamu unaanza, nitaendelea chini.

MamaMaabara

Mkuu nimekaa pale. Ila sisi kundi ni kubwa na muda mfupi, kukausha toluini kunachukua muda, siku ya kipindi inaisha wanafunzi wanaangalia kioo. Unafanyaje?

Kilele698

Dada swali zuri, wengi wanakimbilia kupasha moto ili ikauke haraka, wanapata utando wenye mapovu. Mimi nagawa kazi, wanamwaga mwisho wa kipindi cha kwanza, wanaufunika kwa sahani iliyoachwa upenyo ili toluini itoke polepole, wiki inayofuata wanakuta utando. Na kuna kikundi kimoja nakiacha kipime utando ukiwa bado haujakauka vizuri, makusudi kabisa.

Sababu yenyewe ni hii. Polistairini ina vilele viwili vikali vya kule chini, 757 na 698, ni C–H za pete ya benzini zinazotikisika nje ya bapa la pete. Toluini nayo ina pete hiyo hiyo, vilele vyake viko karibu 729 na 695. Ile 695 inajificha kabisa ndani ya 698 ya plastiki, huwezi kuiona hata ukikesha. Lakini 729 inaangukia kwenye bonde kati ya 757 na 698, inasimama peke yake pale katikati. Wakipima mara moja, wakaacha nusu saa wakapima tena, wanaona 729 inashuka huku vilele vya plastiki vimetulia. Hapo umefundisha kukauka kwa utando, umefundisha kwamba kilele kikali sio lazima kiwe ndicho cha kufuatilia, na umefundisha kwamba spektra (ule mchoro wa vilele) ni ya KILA kitu kilichosimama kwenye njia ya mwanga, haijali jina uliloandika kwenye lebo.

Kwa wanaotumia klorofomu kuna mtego unafanana na huo, klorofomu ina kilele karibu 760 ambacho kinakaa juu ya 757 ya polistairini, mtu anaona 757 imenona anafurahi plastiki ni nyingi. Waambie waangalie 1216, pale klorofomu haina pa kujificha. Ila mimi klorofomu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza naiepuka, toluini inatosha.

Kilele698

Naendelea na viwimbi sasa, hii sehemu ndiyo naipenda kuliko zote.

Utando ukiwa laini pande zote mbili, mwanga mwingine unapita moja kwa moja, mwingine unagonga uso wa nyuma unarudi, unagonga uso wa mbele, ndiyo unatoka umechelewa kidogo. Hii miwili ikikutana, kwenye namba fulani za mawimbi inasaidiana na kwenye nyingine inapingana, unapata viwimbi vilivyopangika kwa nafasi sawa. Vitabu vingi vinakwambia ni kero, viondoe. Mimi nasema vihesabu kwanza!

Kanuni ni fupi. Unene ni sawa na idadi ya viwimbi, gawanya kwa mbili mara n mara upana wa eneo ulilohesabu kwa cm⁻¹, ambapo n ni kile kipimo cha namna plastiki inavyopinda mwanga, kwa polistairini chukua karibu 1.6. Jibu linatoka kwa sentimita. Kwa ule utando wetu wa maikromita 24, kutoka kiwimbi hadi kiwimbi kunatakiwa kuwe na 1 gawanya kwa 2 × 1.6 × 0.0024, ambayo ni 130 cm⁻¹ hivi. Kwa hiyo kati ya 2700 na 2000 unategemea viwimbi vitano na kidogo. Kijana aliyetabiri maikromita 24 kwa mizani, akaja akahesabu viwimbi akapata 23 au 26, uso wake unabadilika, ameipima plastiki kwa mwanga ambao haoni kwa macho na namba imekubaliana na mizani. Halafu unampa maikromita ya kubana ya fundi, anapima mara ya tatu kwa njia ya tatu.

Na zisipokubaliana ndiyo bora zaidi maana hapo kuna mjadala. Mizani inatoa wastani wa utando mzima. Viwimbi vinatoa unene wa pale tu mwanga ulipopita. Maikromita ya kubana inagusa sehemu nene zaidi ndani ya eneo iliyobana, na plastiki laini inaminywa. Ukimwaga kwenye kioo kingo zinakuwa nene kuliko katikati, kwa hiyo mizani ikisema 24 na viwimbi vikasema 19 pale katikati hakuna aliyekosea, zinapima vitu tofauti. Na utando ukiwa mnene huku mwembamba kule ndani ya mwale mmoja, viwimbi vinafifia au vinapotea kabisa, ambayo nayo ni habari.

fundi_wa_mwanga

Hapo kwenye n tuweke angalizo, n haikai namba moja kwenye spektra nzima, karibu na kilele kikali inapanda na kushuka. Ndiyo maana uhesabie kwenye eneo tulivu kama hilo la 2700 hadi 2000 na sio kukatiza kwenye vilele vya C–H. Na mkumbuke pale katikati, 2349, kuna kaboni dayoksaidi ya hewani, wanafunzi wataihesabu kama kiwimbi msipowaambia.

Kilele698

Umenena mkuu. Na kwa asiyetaka viwimbi kwa sababu vinafunika kilele kidogo anachokitafuta, dawa zipo. Unakwaruza uso mmoja kwa msasa laini kabisa, mwanga uliorudi unatawanyika, viwimbi vinakufa. Au unauinamisha utando kwenye pembe ya Brewster huku ukitumia polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika kwenye mwelekeo mmoja tu), kwa plastiki yenye n ya 1.5 pembe hiyo ni kama digrii 56, mwanga ulio kwenye mwelekeo sahihi haurudi kabisa kwenye uso. Lakini hiyo ya kuinamisha irudishie hesabu, mwanga sasa unapita kwa mshazari kwa hiyo njia yake ndani ya plastiki ni ndefu kuliko unene.

zao_la_ATR

Samahani mkuu sijakusoma vibaya, ila hii yote ya nini wakati kuna ATR (kupima kwa mwanga unaorudi ndani ya fuwele, sampuli ikiwa imebanwa juu yake)? Unaweka plastiki juu ya almasi unabana, dakika haijaisha spektra ipo, hakuna toluini hakuna viwimbi hakuna wembe. Vyuo vingi vimeshahamia huko na viwandani ndiko waliko. Tunawafundisha vijana kitu watakachokikuta kazini au historia?

Kilele698

Karibu sana ndugu, hoja yako ni nzito na naichukulia kwa uzito. ATR ni kitu kizuri, tangu Harrick na Fahrenfort walipoileta, kila mmoja kwa njia yake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, imeokoa watu wengi. Simkatazi mtu. Ninachokataa ni kijana kukutana na ATR KABLA hajaona mwanga ukipita kwenye utando, kwa sababu ATR inamficha unene, na sheria ya Beer bila unene ni wimbo wa kukariri.

Tufanye hesabu pamoja. Kwenye ATR mwanga hauvuki plastiki, unagonga uso wa almasi kwa ndani kwenye digrii 45 na sehemu yake inachungulia kidogo tu ndani ya sampuli. Kina hicho ni urefu wa wimbi gawanya kwa 2π mara n ya almasi mara kipeuo cha pili cha (sin²θ toa uwiano wa n mbili uliopigwa kipeo cha pili). Almasi ni 2.4, polima nyingi ni karibu 1.5. Kwenye 1000 cm⁻¹ unapata kama maikromita 2. Kwenye 3000 cm⁻¹ ni theluthi ya hapo, chini kidogo ya 0.7. Ukiweka fuwele ya jemaniamu yenye n ya 4, kwenye 1000 unabaki na 0.66 hivi.

Maana yake nini kwa mwanafunzi? Kwanza sampuli yako "inanenepa" yenyewe ukishuka kutoka 3000 kwenda 1000, kwa hiyo vilele vya kushoto vinaonekana vidogo na vya kulia vikubwa ukilinganisha na spektra ya kupitisha mwanga. Mtu asiyejua hilo anachukua spektra ya ATR analinganisha na kitabu cha zamani, anaona C–H ni fupi anasema polima imeoza. Pili almasi yenyewe inanyonya mwanga wake kati ya 1900 na 2300 hivi, eneo lile linakuwa na kelele. Tatu, na hili ndilo nalipenda kufundishia, ATR inaona ngozi tu.

Chukua utando wa vifungashio vya chakula wenye tabaka mbili, mathalani poliethilini upande mmoja na nailoni upande wa pili. Bana upande wa kwanza kwenye almasi, unapata 2915 na 2848, 1462 na 720, poliethilini tupu. Geuza. Sasa unapata 3300 ya N–H, 1640 na 1545 za amaidi, nailoni. Halafu pitisha mwanga katikati, vyote viwili vinatokea kwa pamoja kwenye spektra moja. Waache vikundi vitatu vipime kipande kimoja hicho hicho kwa njia hizo tatu bila kuambiana, kisha kila kikundi kisimame kiseme plastiki hii ni nini. Watabishana sana, na kila mmoja ana spektra mkononi na kila mmoja ana haki. Kwa hiyo ATR iko kwenye somo langu, ila inakuja wiki ya tatu.

zao_la_ATR

Hiyo ya kugeuza nimeielewa na naichukua. Nilikuwa najua kina ni kidogo ila sikuwahi kuwapa wanafunzi wakahesabu. Sawa mkuu.

binti_polima

Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili, naomba kuuliza kitu ambacho darasani niliogopa. Tulifundishwa molekuli yenye atomu N ina mitikisiko 3N toa 6. Sasa mnyororo wa poliethilini una maelfu ya atomu, si ilitakiwa spektra iwe na maelfu ya vilele? Mbona vinahesabika kwa vidole?

Kilele698

Binti usiogope kabisa, hilo ni swali bora kuliko maswali mengi ya mtihani, na ningependa kila darasa liulizwe hivyo siku ya kwanza.

Mitikisiko ipo kweli maelfu. Lakini mnyororo unajirudia rudia, kile kipande kidogo cha CH₂ ni kile kile. Ili infraredi ione mtikisiko, dipoli (mtengano wa chaji chanya na hasi) ya mfumo mzima lazima ibadilike. Vipande vikitikisika kwa pamoja kwa hatua moja, mabadiliko madogo yanajumlishana na unapata kilele. Vipande vikitikisika kila kimoja kwa wakati wake, yanafutana, mashine haioni kitu. Kwa hiyo kinachobaki ni kama mitikisiko ya kipande kimoja kinachojirudia na majirani zake. Ndiyo maana poliethilini ina C–H kunyooka karibu 2915 na 2848, kukunjwa kwa CH₂ karibu 1470 na kuyumba kwa CH₂ karibu 720, basi, mengine ni madogo madogo. Kutanuka kwa C–C za uti wa mgongo wenyewe huoni kitu cha maana, dipoli haibadiliki.

Sasa nenda kaangalie hiyo 720 kwa ukaribu, weka utenganifu mzuri (uwezo wa mashine kutenganisha vilele vilivyo karibu), 2 cm⁻¹ ikiwezekana. Utaona ni viwili, 730 na 720, na kule juu 1472 na 1462 vivyo hivyo. Kwenye sehemu zenye fuwele za poliethilini, minyororo miwili inapita ndani ya kila chembe ya mpangilio na inasikiana, inatikisika kwa kukubaliana au kwa kupingana, kwa hiyo kilele kimoja kinagawanyika. Sehemu zisizo na mpangilio zinatoa 720 tu. Pasha utando mpaka uyeyuke na 730 inapotea, ukipoa inarudi. Kama maabara yenu ina kishikilia sampuli chenye hita, omba mfanye hilo.

binti_polima

Asante sana mwalimu, sasa nimeelewa. Na hizo polipropilini mnazitofautishaje na poliethilini bila kutafuta kwenye kompyuta?

Kilele698

Polipropilini ina methili (CH₃) kwenye kila kipande, kwa hiyo 1376 inasimama kwa nguvu karibu sawa na 1455. Poliethilini ya msongamano mdogo nayo ina methili chache za kwenye matawi, kwa hiyo 1377 ipo ila ni kijitu kidogo. Halafu polipropilini haina ile 720 ya minyororo mirefu ya CH₂, badala yake ina 1167, 998, 973 na 841. Hizo 998 na 841 zinatokana na mnyororo kujisokota kwa mpangilio, ukiyeyusha zinaondoka, 973 inabaki.

Na kuhusu kompyuta: wiki mbili za kwanza kwangu programu ya kutafuta kwenye maktaba ya spektra haifunguliwi. Sio kwamba ni mbaya. Ila Coblentz, mwanafizikia wa Marekani, alipokusanya spektra za vitu zaidi ya mia akazichapisha mwaka 1905 alikuwa anapima nukta kwa nukta, hakuna wa kumwambia jibu, na kutokana na kuziangalia kwa macho ndiyo watu wakaanza kuona kwamba kikundi fulani cha atomu kinarudi pale pale kila mara. Kijana naye ana haki ya kuliona hilo mwenyewe hata kama ni kwa tando nne tu. Programu inalinganisha mikunjo, haijui kwamba 729 yako ni toluini, haijui kwamba viwimbi ni unene. Ukiipa spektra yenye viwimbi vikubwa inaweza kukurushia jina la ajabu kabisa kwa kujiamini.

MamaMaabara

Turudi kwenye Beer mkuu. Umesema 698 inakuwa bapa. Unalifundishaje hilo kwa vitendo?

Kilele698

Kwa kupanga tando. Wanachukua vipande vya utando ule ule, wanapima kimoja, kisha viwili vikiwa vimepandana, vitatu, vinne. Wanasoma absobansi ya 698 na ya 1028 (kilele kingine cha polistairini, kisicho kikali sana), wanachora zote mbili dhidi ya idadi ya tando. Ya 1028 inakwenda kwa mstari ulionyooka. Ya 698 inaanza juu halafu inapinda na kulala. Hapo unawauliza sheria ya Beer imekufa?

Haijafa. Absobansi ya 2 maana yake ni asilimia 1 tu ya mwanga imefika kwenye detekta, absobansi ya 3 ni sehemu moja kwa elfu. Kwa kiasi hicho kidogo, mwanga wowote uliopotea njia unaharibu kila kitu. Mpe kijana mfano wa utando wenye tundu au ambao haujafunika kadi vizuri, asilimia 5 ya mwale ikapita pembeni bila kugusa plastiki. Hata plastiki iwe nene kama ukuta, mashine itaona asilimia 5, na absobansi haitazidi 1.3 milele. Nawapa hilo wafanye kwa kutoboa utando kwa pini makusudi na kulinganisha. Baada ya hapo ukimwambia tumia vilele vyenye absobansi kati ya 0.2 na 0.8 kwa kazi ya kupima kiasi, anajua kwa nini, sio amri tena.

Kitu kingine, tando zikipandana kuna hewa katikati na kila uso unarudisha mwanga kidogo, kwa hiyo mstari wa msingi unapanda kadiri unavyoongeza. Lazima wachore mstari wa msingi chini ya kila kilele na wapime urefu kutoka hapo. Wengi wanaruka hatua hii na mstari wao wa 1028 haupiti kwenye sifuri.

mwanafunzi_wa_usiku

Habari wakuu, mimi nilipima utando wa polistairini jana nikapata kilele kwenye 2349 lakini kimeelekea JUU kwenye transmitansi (asilimia ya mwanga uliopita), zaidi ya asilimia 100. Mshikaji kaniambia ni bondi ya ajabu. Ni nini?

fundi_wa_mwanga

Kaboni dayoksaidi ndugu. Mashine inagawanya kipimo cha sampuli kwa kipimo tupu ulichochukua mwanzo. Ulipochukua kipimo tupu mlikuwa mmeinamia mashine mnapumua, gesi ikawa nyingi, ulipopima sampuli ikawa imepungua, ukigawanya inatoka zaidi ya 100. Angalia na 667 utaikuta nayo imeelekea juu. Mvuke wa maji unafanya hivyo hivyo, vijistari vyembamba vingi kati ya 1300 na 1900 na tena juu ya 3500. Funga kifuniko, subiri dakika chache, chukua kipimo tupu upya karibu na muda wa sampuli.

Kilele698

Jibu limekamilika. Naongezea tu, usiwafutie wanafunzi hizo gesi kwa kitufe cha programu siku ya kwanza. Vile vijistari vyembamba vya mvuke ukiviweka pembeni ya kilele kipana cha polima unaona mara moja tofauti ya gesi na kitu kigumu. Na ndiyo maana kwa polima utenganifu wa 4 cm⁻¹ unatosha kwa kazi nyingi, kwenda 1 ni kupoteza muda na kualika kelele. Tumia huo muda kwenye skani (kurudia kipimo na kuchukua wastani), ukumbuke kelele inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, ukitoka skani 16 kwenda 64 umelipa mara nne kupata mara mbili.

fundi_wa_mwanga

Mkuu na polaraiza? Naona watu wengi wanayo kabatini haitumiki.

Kilele698

Itoeni! Poliethilini ya msongamano mdogo unaivuta kwa mikono mpaka inarefuka, minyororo inaelekea upande wa mvuto. Weka polaraiza, pima ukiwa umelaza mvuto sambamba na uga wa umeme wa mwanga, kisha geuza utando digrii 90. CH₂ zinayumba kwa kukingama na mnyororo, kwa hiyo 720 na 730 zinapungua pale uga wa umeme wa mwanga unapokuwa sambamba na mvuto na kunenepa ukikingama. Mwanafunzi anauona mwelekeo wa molekuli kwa plastiki aliyoivuta mwenyewe. Geuza utando, usigeuze polaraiza, maana mashine yenyewe ina mwelekeo wake inaoupendelea na utajikuta unapima mashine. Kama ni lazima ugeuze polaraiza basi chukua kipimo tupu kwa kila mkao.

MamaMaabara

La mwisho kwangu. Nina mwanafunzi wa mradi wa mwaka wa mwisho, tando zake amezimwaga kwa kuzungusha, zina nanomita 100 tu. Njia yako hii ya kupitisha mwanga itamfaa?

Kilele698

Mfanyishe hesabu kwanza dada. Kama 1028 inatoa absobansi ya 0.3 kwenye maikromita 24, kwenye nanomita 100 utando ni mwembamba mara 240, inabaki 0.00125. Mashine nzuri yenye skani nyingi inaweza kuiona, ila mvuke wa maji wa maabara utaizidi nguvu asipopuliza naitrojeni kavu ndani muda wote. Hapo aanze na 698, kile kile tulichokikataa kwenye tando nene, sasa ndicho kinachomfaa. Na viwimbi asivitafute, kwa unene huo kiwimbi kimoja ni kipana kuliko spektra yote.

Njia nyingine ni amwage juu ya dhahabu badala ya kioo, mwanga uje umelala kabisa, karibu digrii 80 kutoka wima, na polaraiza iwe kwenye mwelekeo unaosimama juu ya uso. Juu ya metali uga wa umeme uliolala sambamba na uso unajifuta, kwa hiyo ataona tu mitikisiko ambayo dipoli yake imesimama. Kwa hiyo akilinganisha na utando mnene wa polistairini ile ile na akakuta uwiano wa vilele umebadilika, asikimbilie kusema kemia imebadilika. Ajiulize kwanza pete za benzini zimelala au zimesimama. Akipata spektra zote mbili zilete hapa tuziangalie pamoja.